Kiebrania na Njia ya Shahada katika Marekani

Katika miaka ya 1640 Chuo cha Harvard, kule Massachusetts, kilikuwa na sheria ambayo leo haikumbukwi sana. Mwanafunzi alistahili shahada yake ya kwanza ikiwa, baada ya kujaribiwa, ameonekana aweza kusoma Agano la Kale na Agano Jipya katika lugha zake za asili na kuyafasiri kwa Kilatini. Kiebrania, basi, kilikuwa mlango usioepukika. Henry Dunster, aliyeshika ukuu wa chuo mwaka 1640, alikiweka katika masomo pamoja na Kikaldayo na Kisiria, maana Wapuriti waliona ni aibu mhubiri kuyatazama Maandiko kwa macho ya kuazima. Lakini ndani ya sheria ile mna jambo la kuangaliwa: iliuliza mtu anajua nini, haikuuliza ameketi darasani saa ngapi.

Aliyekuwa na elimu hiyo kwa malezi, wala si kwa kulazimishwa, alikuwa Judah Monis. Mwaka 1720 alipata shahada ya uzamili Harvard, Myahudi wa kwanza kupewa shahada na chuo hicho. Elimu yake ilitakiwa, lakini ualimu haukutolewa kwa asiye Mkristo. Tarehe 27 Machi 1722 alibatizwa mbele ya hadhara chuoni, na haikupita miezi miwili akapewa kazi ya kufundisha Kiebrania. Wakristo walimtilia shaka, Wayahudi kadhalika. Yaliyokuwa moyoni mwake si yetu kuyahukumu. Miaka mingi wanafunzi wake waliinakili sarufi yake kwa mkono, herufi kwa herufi, hata ilipochapwa Boston mwaka 1735 kwa herufi zilizoletwa kutoka London. Ndiyo sarufi ya kwanza ya Kiebrania kuchapwa katika Amerika ya Kaskazini. Alifundisha hadi mwaka 1760, na darasa lake halikupendwa. Mimi siwalaumu sana vijana wale. Nani ataipenda lugha asiyoulizia njia, asiyonunulia mkate, wala asiyogombania na ndugu yake?

Huko Yale mambo yalikwenda vivyo hivyo, ijapokuwa mwalimu alikuwa mwenye mapenzi ya kweli. Ezra Stiles alianza kujifunza Kiebrania akiwa mtu mzima wa miaka 40 hivi, mjini Newport, na mwaka 1773 akafanya urafiki na rabi Haim Isaac Carigal. Alipokuwa mkuu wa Yale mwaka 1778 aliwatia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo hilo, watake wasitake. Mwaka 1790 alikubali kushindwa, akaandika kwamba somo limewachukiza wengi, akaliacha liwe hiari. Hata hivyo aliwasihi wajue Zaburi chache, kwa kuwa, kwa maoni yake, moja ya hizo ndiyo itakayosikika kwanza mbinguni, naye ataona haya mwanafunzi wake asipoielewa. Maneno mawili ya Kiebrania yamo katika muhuri wa Yale hata leo.

Baadaye yalitokea mambo mawili mbalimbali, moja huku na moja kule. Mwaka 1881 Eliezer Ben-Yehuda alihamia Yerusalemu akiwa na nia ya kuifanya lugha ya sala kuwa lugha ya jikoni na sokoni, na kabla vizazi viwili havijapita palikuwa na watoto waliolia na kucheka kwa Kiebrania. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1906, taasisi ya Carnegie ilisaidia kueneza desturi ya kuhesabu elimu kwa saa za masomo. Kutoka hapo ikakua krediti, yaani fungu la saa ambalo mwanafunzi hulikusanya, na kulilipia ada, mpaka litoshe shahada. Hesabu hii ina faida zake, ila inapima kiti kuliko inavyompima aketiye.

Hapo ndipo mtihani wa umahiri ulipopata nafasi. Chuo Kikuu cha New York kwa miaka mingi kiliwatahini watu wa nje kwa lugha nyingi, Kiebrania kikiwamo, na alama za juu zilikuwa 12, au 16 kwa mtihani mrefu zaidi. Shirika la walimu wa lugha liitwalo ACTFL, lililoanza mwaka 1967, hupima kusema kwa mazungumzo na kuandika kwa mtihani wa peke yake, likitumia ngazi zilizotokana na zile ambazo serikali ya Marekani iliwapimia wanadiplomasia wake katika miaka ya 1950. Kiswahili nacho kimo katika lugha hizo. Mtahini hatoi shahada. Chuo anachosoma kijana ndicho huamua kama alama zile zitageuka krediti, na ngapi. Kwa hiyo msichana aliyekipata Kiebrania kwa nyanya yake aweza kupunguza ada ya muhula mzima, na jirani yake mwenye ujuzi uleule akanyimwa kwa sababu chuo chake hakikubali.

Wapo maprofesa wanaonung'unika kwamba huku ni kuuza shahada kwa bei ya mtihani. Mimi sioni hivyo. Dunster angeuelewa mtihani huu upesi kuliko angeielewa krediti. Wala mtahini wa leo hamwulizi mtu amebatizwa au la, jambo ambalo Monis hakulipata.

Kasoro ipo mahali pengine. Kijana aliyelelewa katika yeshiva huenda amesoma Taurati na wafasiri wake tangu utoto, akapita katika Talmudi ambayo sehemu yake kubwa ni Kiaramu, na aya zikamtoka kinywani bila kitabu. Mtihani humtaka aeleze kwa lugha ya leo habari za kodi ya nyumba, mgomo wa mabasi na hali ya hewa. Atababaika, na yale anayoyajua kuliko mtahini wake hayana nafasi katika karatasi.