Kabla Hujauza Maharage Ununue Kadi ya Grafiki kwa Ajili ya CJ, Soma Hii

Wadau, ukitaka kujua gemu la zamani linataka nini kwenye mashine yako, anza kuangalia lilizaliwa lini.

GTA San Andreas lilitoka Oktoba 2004 kwenye PlayStation 2, mashine iliyoingia sokoni Japani mwaka 2000. Ilikuwa na memori ya MB 32 tu, na nyingine MB 4 za picha. Selfie moja ya simu yako inaweza kuzizidi hizo 4! Humo humo Rockstar North wa Scotland wakaingiza jimbo zima lenye miji mitatu. Na ule ukungu unaofunika milima kwa mbali haukuwa wa urembo tu. Ulificha vitu ambavyo mashine ilikuwa haijavichora bado.

Juni 2005 likaja la PC. Masharti ya chini: Pentium III ya GHz 1, RAM MB 256, kadi ya grafiki yenye MB 64. Basi.

Sasa twende Rhotia, pale unapopita kutoka Mto wa Mbu kabla hujaingia Karatu mjini. Dogo mmoja ana PC ya mtumba iliyostaafu ofisini, Dell OptiPlex 780 ya kizazi cha 2009. CJ anakwama kama lori la mizigo linalopanda ukuta wa Bonde la Ufa. Washkaji wakamwambia dawa ni kadi mpya ya grafiki. Pesa? Gunia la maharage la nyumbani lingeenda.

Tulia kwanza, mdogo wangu. PC hiyo ina grafiki ya Intel ya humo humo ndani. Haina memori yake, inaazima RAM. Ni dhaifu kwa magemu ya leo, ila hili la 2005 inalimudu ukilipanga vizuri. Halafu zile OptiPlex nyembamba hazipokei kadi yoyote tu, zinataka kadi fupi. Ukinunua ndefu, imekula kwako.

Fanya hivi. Funga Chrome na vingine vyote, RAM ipumue. Ingia menyu ya gemu, sehemu ya Display Setup. "Visual FX Quality" weka Low au Medium. "Anti Aliasing" zima, maana kulainisha kingo za picha kunakula nguvu sana. "Draw Distance" rudisha chini, ule ukungu ufanye kazi yake. "Resolution" shusha hatua moja moja mpaka gari liteleze. Kwa wenye kadi ya Nvidia, jopo lake linakuruhusu kumchagua gta_sa.exe peke yake, ukabadilisha setingi za gemu hilo bila kugusa mengine. Skrini ikigoma baada ya kubadilisha, futa faili la gta_sa.set kwenye folda ya gemu ndani ya Documents. Setingi zinarudi mwanzo na misheni ulizosevu zinabaki.

Kitu kimoja usiguse: "Frame Limiter". Iache On. Inabana gemu kwenye picha kama 25 kwa sekunde, na wengi wanaizima wakidhani wanafungua spidi. Kumbe hesabu za mwendo ziliandikwa kwa kasi ile ya chini. Ukiizima kwenye mashine kali, CJ anaogelea kama kafungwa jiwe, na magari yanaanza vituko. Yaani nguvu nyingi ndiyo inaharibu!

Novemba 2021 lilipotoka toleo jipya, The Definitive Edition, masharti yalipanda mpaka RAM GB 8, na bado lilijaa kasoro hadi Rockstar wakaomba radhi.

Gemu la kizamani lilipikwa kwa jiko la mkaa mdogo. Jifunze moto wake kwanza, maharage yabaki ghalani.

Wewe CJ ulimkuta kwenye mashine gani?