Mbao Yako Ilishalipia Hiyo Ngozi

Leo tuongee kuhusu kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, lakini kinaleta kelele kubwa kwa meza za pool: ile ngozi ya mwisho wa fimbo. Ikitoka, nani analipa? Kuna base utaambiwa "si wewe ndiye ulikuwa unacheza, toa pesa ya fundi." Na ukiwa na fimbo yako mwenyewe, kuna fundi anakuangalia viatu kwanza ndio akutajie bei. Mimi chuo niliacha lakini historia sikuacha, na naona jibu liko huko.

Zamani ngozi haikuwepo kabisa. Huko Ulaya watu walikuwa wanasukuma mipira na kitu kama rungu, kichwa kipana, mkono mwembamba. Mpira ukikaa karibu na ukingo wa meza, kichwa hakiingii, kwa hivyo mtu anageuza rungu na kugonga kwa mkia. Mkia kwa Kifaransa ni queue, na jina la fimbo mpaka leo limetoka hapo. Shida ni kwamba mkia ulikuwa mti mtupu. Ukigonga mpira pembeni kidogo, unateleza. Kwa hivyo ulikuwa unagonga katikati tu, na mambo ya kuzungusha mpira mweupe urudi nyuma ulikuwa huwezi.

Aliyebadilisha hiyo story alikuwa mfungwa. François Mingaud alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa, akafungwa Paris kwa sababu za kisiasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, na mwaka unaotajwa sana ni 1807, alikuwa ameweka kipande cha ngozi kwa ncha ya fimbo. Ngozi inashika mpira, mti hauishiki. Inasimuliwa kwamba alipenda mazoezi mpaka akaomba aongezewe muda gerezani. Amini ama usiamini, lakini alitoka akifanya mipira ipinde mpaka watu wakashangaa, na 1827 akachapisha kitabu. Miaka minane baadaye, 1835, mwanahesabu Coriolis, yule yule wa mambo ya upepo na mzunguko wa dunia, akaandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi. Kwa hivyo ngozi si urembo wa fimbo. Ndiyo ilitengeneza mchezo tunaocheza leo. Meza yenye fimbo isiyo na ngozi ni kama matatu isiyo na tairi moja: huwezi kuitisha nauli halafu umwambie abiria anunue tairi.

Sasa ongeza chaki. Uingereza, mji wa Bath, kulikuwa na jamaa anaitwa Carr aliyefanya kazi kwa chumba cha biliadi. Inasimuliwa aligundua kwamba chaki kwa ngozi inazuia kuteleza, lakini hakusema ni chaki. Aliiita unga wa kuzungusha mpira, akaitia kwa vijisanduku vya dawa na kuuza shilingi mbili na peni sita kila kimoja. Chaki ya kawaida tu! Watu walilipa kwa sababu hawakujua kilichokuwa ndani. Hiyo ndiyo bei ya kutojua, na bado tunailipa. Fundi akikwambia ngozi yake ni "special", mwambie akuonyeshe.

Na kuna sehemu ya hii historia inatuhusu sisi moja kwa moja. Mipira ya biliadi ya karne ya 19 ilikuwa ya pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka Afrika Mashariki kupitia Zanzibar. Pembe moja nzima ilitoa mipira michache tu iliyo sawa. Ndovu walipopungua na bei kupanda, kampuni moja ya Marekani ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala, na John Wesley Hyatt akaingia na seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Lakini fikiria yule aliyebeba pembe begani kutoka bara mpaka pwani. Wengine walikuwa watumwa, wengine vibarua. Tajiri anacheza huku, aliyebeba mzigo haambiwi hata unaenda kufanya nini. Ukitaka mfano wa karibu, nenda Tabaka uone mchongaji wa jiwe anapata ngapi kwa kinyago, halafu ulize kinauzwa ngapi kikifika Ulaya. Mkono unaofanya kazi ndio hulipwa mwisho.

Halafu sarafu ikaja. Zamani ulilipia meza kwa saa. Miaka ya 1950 na 60, Marekani ilijaa meza ndogo za baa zinazokula sarafu: weka pesa, mipira ishuke, cheza. Hiyo ndiyo familia ya meza zetu. Na sarafu ilibadilisha maana ya kulipa. Ukiweka mbao, hununui mipira wala fimbo. Unakodisha kila kitu kwa mchezo mmoja: meza, kitambaa, chaki, fimbo, na ngozi yake.

Piga hesabu na mimi. Tuseme meza inachezwa mara 40 kwa siku, kila mchezo mbao. Hiyo ni 800 kwa siku, 24,000 kwa mwezi wa siku 30. Mwenye meza akitenga shilingi moja tu kwa kila mchezo, ana 1,200 mwisho wa mwezi za ngozi, gundi na fundi. Shilingi moja. Kwa hivyo fimbo ni ya base? Mwenye base alipe. Ngozi huisha kwa kutumiwa, na wewe ulishalipia kuitumia. Ila kama ulipoteza mchezo ukagonga fimbo ukutani kwa hasira, hapo bro, lipa. Huko si kucheza, ni kuharibu.

Fimbo ikiwa yako, lipa wewe, lakini lipa kwa macho wazi. Kazi ni hii: kutoa ngozi kuukuu, kusawazisha ncha kwa msasa, kupaka gundi, kubana, kungoja ikauke, halafu kuchonga juu iwe na mviringo kama ukingo wa sarafu. Ngozi, msasa, gundi. Ni kazi ndugu ya fundi wa viatu. Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: ngozi ulipe bei iliyonunuliwa, na kazi ulipe kama unavyomlipa fundi wa Daraja Mbili akikubandikia soli. Ikitoka kabla ya wiki kuisha, airudishe bure. Ukitaka ile ngozi ya safu nyingi inayokaa na umbo lake muda mrefu, jua unaongeza pesa ya ngozi, si ya kazi.

Na usimkandamize fundi pia. Kumwambia "si ni kangozi tu" ni kurudia story ya yule mbeba pembe. Nusu saa ya mkono unaojua ina bei.

Kwa hivyo wiki hii ukiambiwa ulipe ngozi ya fimbo ya base, uliza kwa heshima: ile mbao yangu ilikuwa ya nini? Halafu niambie hapo chini mlijibiwa aje, kutoka Suneka mpaka Kebirigo.