Mkosaji na Aliyekosewa katika Picha za Lubumbashi

Katika manga, yaani hadithi za picha za Kijapani zinazotolewa kwa mfululizo magazetini, na katika anime, ambazo ni filamu za katuni zinazotokana nazo mara nyingi, mtu aliyetenda maovu kisha akatafuta toba ni mhusika anayependwa mno. Himura Kenshin wa Rurouni Kenshin, kazi ya Nobuhiro Watsuki iliyochapishwa kati ya 1994 na 1999, aliua watu wengi katika vita vilivyouangusha utawala wa kishoguni, yaani wa majemadari wa Japani, kisha akaapa kutoua tena, akawa anabeba upanga ambao makali yake yamehamishiwa upande wa mgongo. Msomaji hufuatana na mkosaji huyo, huona jinamizi lake na humwombea apone. Mjini Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ambako usimulizi wa historia kwa picha za rangi ulishamiri katika miaka ya 1960 na 1970, mpangilio ulikuwa kinyume: aliyewekwa katikati ya picha ni aliyeumizwa, na mkosaji aliachwa bila jina wala historia ya nafsi yake, hukumu ikabaki kwa watu walioketi mbele ya picha.

Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville ili kuhudumia machimbo ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyowaajiri wafanyakazi wake, ikawalisha, ikawapangia nyumba na kuwaadhibu ndani ya kambi zake. Walioishi maisha hayo hawakupata nafasi kubwa ya kuyaandika, ingawa mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa Kiswahili cha mji huo, historia ya Élisabethville kama ilivyojulikana na maboyi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu, na kazi hiyo inastahili nafasi ya heshima zaidi katika maktaba ya Kiswahili kuliko iliyopewa hadi sasa. Palipokosekana kalamu palikuwa na brashi. Wachoraji ambao wengi wao hawakupita shule ya sanaa walitandaza vitambaa vya magunia ya unga juu ya fremu za mbao, wakachora, wakazungusha picha zao nyumba kwa nyumba kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Wanunuzi walizijua aina zake: inchi ya bankoko, ambayo ni mandhari ya kijiji cha mababu, mamba muntu, nguva anayemtajirisha mtu kisha akamdai malipo mazito, na picha za mambo yaliyopita, ambazo zilitundikwa sebuleni ziwe ukumbusho, kwa maana ya kitu kinachomfanya mwenye nyumba na mgeni wake wafikiri na kuanza kusimuliana.

Kati ya hizo za mwisho, iliyorudiwa mara nyingi kupita zote ni ile iliyoitwa Colonie belge. Ni ua wa gereza chini ya bendera ya Ubelgiji; mfungwa amelazwa kifudifudi, matako wazi yenye damu, wenzake wakiwa katika sare zenye mistari; afisa wa Kizungu amesimama kando akitazama, na anayepiga fimbo ni askari Mwafrika. Picha hii yahitaji kutazamwa bila haraka, kwa sababu ndani yake hatia ina tabaka zaidi ya moja. Anayeamuru hanyanyui mkono, na anayeunyanyua ni mtu ambaye, baada ya uhuru wa 1960, aliweza kuwa jirani wa yule aliyepigwa, akinunua unga katika soko lilelile. Mchora manga angelimchukua askari huyo na kumfuata hadi uzeeni. Mchoraji wa Lubumbashi hakufanya hivyo, na inafaa kuamini kwamba hakupungukiwa ubunifu: wateja wake walikuwa wana wa waliochapwa, nao walitaka kwanza jambo lenyewe lionekane ukutani, kabla ya mtu yeyote kuwaomba wamhurumie aliyelitenda.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, aliipanua kazi hiyo hadi ikawa historia ya nchi nzima. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini humo, mfululizo wa takriban picha 100, akazieleza moja baada ya moja kwa Kiswahili. Maelezo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996, miaka mingi baada ya mchoraji mwenyewe kutoweka. Humo yamo mauaji ya Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma. Yamo pia mauaji ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliopigwa risasi karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961, wakati jimbo la Katanga, lenye mji huo, lilipokuwa limejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwenye upeo wa macho, akiufananisha mwisho wa Lumumba na wa Kristo.

Katanga yenyewe ilikuja kuwa upande wa mkosaji. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya eneo la Kasai, ambao wengi wao wazazi na babu zao waliletwa na kampuni na reli, walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, wakarundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia huko. Kuanzia 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wakishirikiana na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval nchini Kanada, waliendesha mradi ulioitwa Mémoires de Lubumbashi, ambao ulikusanya masimulizi ya wakazi, vyombo vya nyumbani, picha na michezo ya kuigiza, ukavionyesha hadharani. Ilikuwa kazi ya ujasiri katika mji uliokuwa bado na vidonda vibichi, ila haikuwa maungamo, kwa kuwa kukumbuka maisha ya pamoja hakumlazimishi aliyebomoa nyumba ya jirani kusimama na kusema. Manga ya Makoto Yukimura, Vinland Saga, iliyoanza 2005, inalikaribia jambo hili zaidi kuliko Kenshin: Hild, ambaye baba yake aliuawa na Thorfinn, mhusika mkuu, hamsamehi muuaji huyo upesi, bali anafuatana naye safarini, silaha mkononi, ili aone kama kubadilika kwake ni kweli.

Kwa Lumumba, mkosaji alisema, lakini bila toba. Gerard Soete, polisi Mbelgiji aliyeiyeyusha maiti ya Lumumba kwa tindikali, alichukua meno kama kumbukumbu, akalieleza jambo hilo mbele ya kamera mwishoni mwa maisha yake. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002, na tarehe 20 Juni 2022 waziri mkuu Alexander De Croo alirudia radhi hiyo mjini Brussels, jino moja lilipokabidhiwa kwa familia. Jeneza lililolibeba lilipitishwa Lubumbashi na Shilatembo, mahali pa mauaji, kabla ya maziko ya Kinshasa tarehe 30 Juni. Radhi hiyo ilitaja wajibu wa kimaadili. Shtaka la uhalifu wa kivita ambalo watoto wa Lumumba walilifungua Brussels mwaka 2011 halikufutwa nayo.