Shujaa Mweusi Kwenye Katuni na Sinema: Kutoka Lothar hadi Wakanda

Katika katuni za Marekani, mtu mweusi alianza kuonekana kando ya shujaa akiwa mtumishi. Mwaka 1934, magazeti yalipoanza kuchapisha Mandrake the Magician ya Lee Falk, yule mwanamazingaombwe mzungu alikuwa na mlinzi aitwaye Lothar, mwana wa mfalme kutoka Afrika aliyeacha ufalme wake ili amfuate. Lothar alivaa ngozi ya chui na tarabushi, na Kiingereza alichoandikiwa kilikuwa cha kuokoteza. Miaka 6 baadaye Will Eisner akamchora Ebony White, msaidizi wa The Spirit, mwenye midomo mikubwa na macho yaliyotoka, kwa mtindo uleule wa vichekesho vya jukwaani vilivyokuwa vikiwadhihaki Wamarekani weusi tangu karne ya 19.

Jaribio la kwanza la kuuvunja mtindo huo lilitoka Philadelphia mwaka 1947. Orrin C. Evans, mwandishi wa habari mweusi, aliwakusanya wachoraji weusi wakatoa All-Negro Comics, kitabu cha kurasa 48 kilichouzwa senti 15. Ndani yake alikuwemo Lion Man, mwanasayansi Mmarekani mweusi aliyetumwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kulinda mlima wenye madini ya urani. Toleo la pili liliandaliwa lakini halikutoka, kwa kuwa Evans hakupata tena mtu wa kumuuzia karatasi. Kwa hiyo haijulikani kama wasomaji wangempenda Lion Man au la. Hawakupewa nafasi ya kusema. Hali hiyo ilijirudia mara nyingi baadaye. Uamuzi ulifanywa na watu waliosimama kati ya mchoraji na msomaji, kisha lawama ikaelekezwa kwa msomaji.

Mwaka 1954 wachapishaji walijiundia chombo cha kukagua katuni kabla hazijaingia sokoni, na mgongano wake unaokumbukwa zaidi ulihusu matone ya jasho. Kampuni ya EC ilitaka kuchapisha upya hadithi yake ya mwaka 1953, "Judgment Day". Mwanaanga kutoka Dunia anafika kwenye sayari ya roboti za rangi mbili, za chungwa na za buluu, anakagua jinsi kundi moja linavyolibagua jingine, na kuamua kwamba sayari hiyo haijafaa kuungana na dunia nyingine. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, na msomaji anaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mweusi, jasho likimeta usoni. Msimamizi wa ukaguzi, Charles Murphy, alitaka mwanaanga huyo asiwe mweusi. EC walipomkatalia, akataka angalau jasho lifutwe. Hadithi ilichapishwa mwanzoni mwa 1956 bila kubadilishwa, na baada ya hapo EC wakaachana na vitabu vya katuni.

Miaka 10 ikapita. Katika Fantastic Four namba 52, toleo la Julai 1966, Stan Lee na Jack Kirby walimleta T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Kiafrika iliyofichika na yenye teknolojia kuishinda dunia nzima. Rasimu ya awali ya jalada ilimwonyesha akiwa na barakoa ya nusu uso, ngozi yake nyeusi ikionekana wazi. Jalada lililofika madukani lilimfunika uso wote. Jina lake, Black Panther, lilitangulia kwa miezi michache chama cha siasa chenye jina hilohilo kilichoanzishwa Oakland mwezi Oktoba mwaka huo, na mwaka 1972 wachapishaji wake, Marvel, walijaribu kwa muda mfupi kumwita Black Leopard ili kukwepa utata, wakashindwa.

Mashujaa weusi waliofuata walikuwa Falcon mwaka 1969 na Luke Cage mwaka 1972. Kazi nzito zaidi ya kipindi hicho ilifanywa na Don McGregor, aliyekabidhiwa T'Challa mwaka 1973 katika kijitabu kiitwacho Jungle Action. Kabla yake kijitabu hicho kilikuwa kikirudia hadithi za zamani za wazungu wanaotawala misitu ya Afrika, kwa hiyo mfalme wa Kiafrika alipewa chumba ambacho wapangaji wa zamani walikuwa bado hawajahama vizuri. McGregor, akishirikiana baadaye na mchoraji mweusi Billy Graham, aliandika hadithi ndefu inayotokea Wakanda na karibu wahusika wake wote ni Waafrika. Wahariri wakaanza kumuuliza wazungu wako wapi. Alipompeleka T'Challa jimbo la Georgia kupambana na Ku Klux Klan, kijitabu kilisitishwa mwaka 1976 hadithi ikiwa haijaisha.

Mwaka 1975 alizaliwa mhusika mwenye asili ya Kenya. Storm, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum kwa ajili ya X-Men, ni Ororo Munroe, binti wa mama Mkenya na baba Mmarekani, yatima aliyekulia kwenye mitaa ya Cairo kabla ya kwenda Kenya, ambako wanakijiji walimwabudu kwa kuwa aliweza kuita mvua. Kenya hiyo ilitoka vichwani mwa watu wa New York: nyika, ngoma na watu wanaosubiri muujiza, miaka 12 baada ya uhuru. Hata hivyo Storm hakuwa mtumishi wa mtu. Miaka michache baadaye alikuwa kiongozi wa kundi zima.

Sinema ilichelewa zaidi. Katika miaka ya 1990 shujaa mweusi aliingia kwenye skrini kwa mlango wa vichekesho, kwa The Meteor Man (1993) na Blankman (1994). Agosti 1997 ikaja Steel, ambamo mcheza kikapu Shaquille O'Neal alivaa deraya la chuma. Mapato yake hayakufika dola milioni 2. Kiangazi hichohicho Batman & Robin ilichekwa na wahakiki hadi watengenezaji wakaachana na mfululizo huo. Hakuna aliyesema kwamba watazamaji wamechoka na mashujaa wazungu: alilaumiwa mwongozaji, na mwaka 2005 Batman alirudi kwa mikono mingine. Kushindwa kwa filamu ya mtu mweusi kulihesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya weusi wote, na kipimo hicho cha mizani miwili kilidumu hata baada ya Blade. Filamu hiyo ya 1998, Wesley Snipes akiwa mwindaji wa wanyonya damu, ilipata takriban dola milioni 131 na kuthibitisha kwamba wahusika wa Marvel wanaweza kuuza tiketi. X-Men ilifuata mwaka 2000, Spider-Man mwaka 2002. Blade alifungua njia, wengine wakapita. Snipes mwenyewe alikuwa ametumia sehemu ya miaka hiyo ya 1990 akihangaikia filamu ya Black Panther isiyotengenezwa.

Kadiri intaneti ilivyoenea, watazamaji walianza kusikika wenyewe, na si wote waliosema mambo ya kupendeza. Mwaka 2010 mashabiki walipopendekeza Donald Glover ajaribiwe kuwa Spider-Man, alipokea pongezi na matusi kwa pamoja. Idris Elba alipotangazwa kuwa Heimdall katika Thor (2011), kundi la wabaguzi la Council of Conservative Citizens lilitaka filamu isusiwe kwa madai kwamba mungu wa watu wa kaskazini mwa Ulaya hawezi kuwa mweusi. Nyundo ya Thor inayompaisha angani haikuwasumbua. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Michael B. Jordan, aliyepewa nafasi ya Human Torch katika Fantastic Four. Filamu ilikuwa mbovu kwa sababu zake nyingine kabisa, lakini waliokuwa wakimpinga tangu mwanzo walijichukulia ushindi.

Black Panther ya Ryan Coogler ilipotoka Februari 2018, tayari kulikuwa na watu waliopanga kuishusha alama kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes kabla hata ya kuiona. Haikuwasaidia. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ikawa filamu ya kwanza ya mashujaa wa aina hii kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na ikachukua tuzo 3. Saudi Arabia ilipofungua ukumbi wa sinema Riyadh Aprili mwaka huo, baada ya marufuku ya miaka zaidi ya 30, filamu iliyoonyeshwa ilikuwa hiyo.

Afrika Mashariki iliipokea kama jambo la nyumbani. Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni binti wa gavana wa Kisumu, na mji huo wa kando ya Ziwa Victoria ulipata onyesho la uzinduzi. Florence Kasumba, mmoja wa walinzi wa mfalme, alizaliwa Kampala. Wazazi wa Daniel Kaluuya ni Waganda. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, aliwavalisha walinzi hao nguo nyekundu zenye shanga kwa kuwatazama Wamasai, akawapa walinzi wa mpakani mablanketi ya Basotho, na kumwekea malkia kofia pana ya wanawake wa Kizulu. Ukumbini kila mtu alitambua kitu chake, na waliotazama kwa makini waliuliza swali: hii ni nchi gani? Ramani za Marvel huiweka Wakanda karibu na Ziwa Turkana, lakini watu wake huzungumza Kixhosa, lugha ya kusini kabisa mwa bara, kwa sababu tu mwigizaji John Kani alikitumia katika filamu ya Marvel iliyotangulia, ya mwaka 2016. Wengine walikerwa na jambo zito zaidi: nchi iliyoendelea hivyo bado inamchagua mfalme kwa ngumi, na wakala wa CIA anahesabiwa kuwa rafiki. Kwa wasomaji wa historia ya Congo, ambako CIA iliwahi kujiingiza katika siasa, hilo halikupita kirahisi.

Hoja ya kwamba mtazamaji humpenda tu shujaa wa rangi yake ilikuwa imekanushwa huku kwa miongo kadhaa. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na vibanda vya video vya Nairobi, watu walilipa kiingilio kidogo kumshangilia stelingi Mmarekani, Mchina au Mhindi, huku msimulizi kama Lufufu au DJ Afro akiwasimulia kwa Kiswahili na kuwageuza wahusika wageni kuwa watu wa mtaani. Mwezi uleule wa Februari 2018, tamasha la filamu la Berlin lilionyesha Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina: Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu. Kenya iliiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Bajeti yake isingetosha hata kulipia pambano moja la Wakanda.

Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Marvel waliamua kutomweka mwigizaji mwingine, na wapenzi wa filamu wakagawanyika. Upande mmoja uliona ni heshima, upande wa pili ukadai kwamba shujaa mweusi aliyesubiriwa tangu 1966 hapaswi kuzikwa na mwigizaji mmoja ilhali Batman amebadilishwa watu mara nyingi. Wakanda Forever ilitoka Novemba 2022 bila T'Challa na kupata takriban dola milioni 859. Falcon yule wa 1969 naye alikabidhiwa ngao ya Captain America, na Februari 2025 Anthony Mackie akaibeba katika Brave New World. Wapinzani wa kawaida walijitokeza tena, ila wahakiki wengi walilalamikia mambo ya kawaida ya filamu: hadithi iliyokatwakatwa na picha zilizorudiwa kupigwa.