Sayari za nyota jitu
Sayari za nyota jitu ni zile zinazozunguka nyota zilizokwisha kuchoma haidrojeni ya kiini chao, zikavimba na kupoa usoni. Ya kwanza kuthibitika ilitangazwa mwaka 2002, ikizunguka Edasich. Mwaka 2006 ikafuata ya Pollux, nyota ya kundi la Mapacha iliyo umbali wa miakanuru 34.

Sayari hizo hazionekani moja kwa moja. Wanaastronomia huchambua nuru ya nyota na kupima inavyotusogelea na kurudi nyuma kwa kuvutwa na sayari yake. Mwendo wa Pollux ni kama mita 40 tu kwa sekunde, na hujirudia takriban kila siku 590. Mchenjuaji wa Geita, anayesaga mawe mengi kwenye karasha apate gramu chache za dhahabu, ataelewa kazi hiyo. Ugumu ni kwamba nyota jitu yenyewe hutetemeka, tena hujizungusha polepole mno, hata doa linalopotea na kurudi usoni mwake likadhaniwa kuwa sayari.

Mfano ni Dabarani, nyota jitu yenye upana wa zaidi ya mara 40 ya Jua. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa ina sayari inayoizunguka kwa siku 629 hivi; mwaka 2019 uchambuzi wa vipimo vingi zaidi ukatia shaka. Mpaka shaka hiyo iondoke, sayari ya Dabarani isihesabiwe.

Tanzania nayo ina nyota iliyo njiani kuwa jitu: WASP-71, ambayo mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha iitwe Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Mpingo imeshavimba kuzidi mara mbili ya upana wa Jua. Tanzanite, yenye masi zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, huizunguka kwa siku tatu hivi, karibu kiasi kwamba nyota ikiwa jitu kamili itaimeza.

Mpingo haionekani bila darubini. Dabarani huonekana vizuri kutoka Shinyanga na Geita: mwezi wa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, tazama juu upande wa kaskazini, mbali na taa za mji na migodi. Ni ile yenye rangi ya machungwa. Pollux iko chini zaidi, kaskazini-mashariki.