Mgololo: Miti Iliyopandwa na Reli Iliyopanda Mlima

Familia inayotoka Mafinga asubuhi kwenda Mgololo kwa matembezi ya siku moja hupita kwenye paini, kisha kwenye chai, kisha tena kwenye paini na milingoti, hadi ardhi inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Kilombero na reli ya TAZARA, inayounganisha Zambia na Dar es Salaam. Mtoto akiona miti imejipanga mistari, huuliza nani aliipanda. Akisikia honi ya treni milimani, huuliza imefuata nini huku. Maswali hayo mawili yana jibu moja refu. Kila enzi iliyopita katika nchi hii ilipanda kitu, na mara nyingi waliovuna walikuwa watu wa enzi nyingine.

Kabla ya miaka ya 1890, Mufindi, wilaya ilimo Mgololo, ilikuwa nchi ya Wahehe. Sehemu kubwa ya nyanda za juu ilikuwa nyasi za malisho. Misitu ya asili ilishika mabonde ya mito na kingo za mteremko, ikiungana na ile ya safu ya Udzungwa. Misitu hiyo ilikuwa na heshima yake, kwani ndani yake palikuwa na mahali pa mizimu na makaburi ya wakubwa, na mtu hakuingia na shoka apendavyo. Safari ilikuwa ya miguu na mzigo ulikuwa wa kichwani. Kwa hiyo msitu mpana tunaouona leo si sura ya kale ya nchi. Mahali pengi tunapoona paini, mababu waliona nyasi.

Enzi ya Wajerumani ilianza kwa vita. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski huko Lugalo. Mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka, na mwaka 1898 Mkwawa alijiua asije akatekwa. Wakati huohuo chuma kilikuwa kikitandazwa mbali na hapa. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwishoni mwa 1911. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Hayo yalikuwa magari moshi ya kweli, yaliyokwenda kwa moto na maji. Huko Kenya, reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikula kuni kwa miaka mingi, na msitu ukawa chakula cha reli. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara, ambako miti kutoka mabara mengine ilijaribiwa. Nyanda za juu kusini hazikupata reli, lakini wazo la kupanda mti mgeni kwa faida lilikuwa limekwisha kuota nchini.

Waingereza waliopokea Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walilikuza wazo hilo taratibu. Katika miaka ya 1920 walowezi walianza kupanda chai Mufindi, na kuanzia mwaka 1939 majaribio ya miti ya mbao yalifanyika Sao Hill, humo humo Mufindi. Paini iliyozoea zaidi asili yake ni Mexico, na milingoti ilitoka Australia. Hali ya hewa ya baridi na mvua za kutosha ziliipokea miti hiyo kama ya nyumbani. Mwishoni mwa ukoloni, gari moshi nalo lilifikia kilele chake Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1955 na 1956, kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda vichwa 34 vya daraja la 59 kwa ajili ya shirika la reli la Afrika Mashariki, vyenye nguvu kupita vyote vya mvuke vilivyowahi kutumika kwenye reli za upana wa mita moja. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Hakuna hata kimoja kilichofika Mufindi, maana njia haikuwapo.

Uhuru wa mwaka 1961 ulirithi ramani ya reli zilizochorwa kwa faida ya wengine. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikabanwa. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia walikwisha kusema kwamba reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haitalipa. Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Kaunda wa Zambia waligeukia China, na mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, reli ya kilomita 1,860 ikakamilika mwaka 1975, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa hapa jirani, kati ya Mlimba na Makambako. Katika kilomita zipatazo 158, njia inapanda zaidi ya mita 1,000 kutoka bondeni, ikivuka makorongo kwa madaraja marefu na kutoboa milima kwa mengi ya mahandaki 22 ya reli nzima. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia. Vichwa vilivyoletwa vilikuwa vya dizeli. Reli ya Uhuru, kama TAZARA ilivyoitwa, ilizaliwa wakati mvuke unaaga.

Reli ilipopita, miti ikapata maana mpya. Upandaji mkubwa wa Sao Hill ulifanyika kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980, na shamba hilo likawa kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Mwaka 1977 taifa lilianza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, na mamilioni ya watoto wakahitaji madaftari na vitabu. Kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, kilichojengwa Mgololo kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: magogo yalikuwa juu, maji yalikuwa mtoni, na reli ya kupeleka karatasi Dar es Salaam ilikuwa karibu. Kuni zilizokuwa chakula cha reli sasa zilikuwa karatasi, na reli ndiyo iliyozibeba.

Lakini kiwanda kilizaliwa katika miaka ya dhiki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri ghali, na kabla ya karne kwisha mitambo ilisimama. Reli nayo ilidhoofika. Afrika Kusini ilipopata uhuru wa kweli mwaka 1994, shaba ya Zambia ilizidi kupita njia za kusini, na malori yakachukua mizigo mingine. Mwaka 2004 kiwanda kiliuzwa kwa Rai Group ya Kenya na kuitwa Mufindi Paper Mills. Katika miaka yote hiyo ya kusimama, paini ziliendelea kukua, kwa kuwa mti haungoji bajeti.

Katika kipindi hichohicho wananchi walichukua nafasi yao. Treni fupi ya abiria ambayo watu wa njiani waliiita kipisi ilibeba mpunga na ndizi za bondeni kupanda juu, na mazao ya mlimani kushuka. Vijijini Mufindi na Njombe, waliokuwa vibarua wa mashamba ya serikali walianza kupanda miti yao wenyewe, ekari moja, ekari tano, kama wengine wanavyofuga ng'ombe. Paini humalizia ada ya mtoto na kuezeka nyumba. Mwaka 2014 serikali za Tanzania na Finland zilianzisha programu ya Panda Miti Kibiashara, zikawakuta wakulima wamekwisha kuanza.

Hivyo ndivyo leo ilivyopatikana. Mahali pengine miti na treni vimekuwa vitu vya kutazamwa. Huko California, familia hupanda treni ya mvuke kwenda kuona miti ya redwood, ambayo mmoja wao umepimwa zaidi ya mita 115, na umri wa baadhi yake unazidi miaka elfu moja. Atakaye kuona mvuke wetu aende Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo vimehifadhiwa vichwa viwili vya daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, vyote vikiwa na majina ya milima ya Tanzania. Mgololo haina mti wa miaka elfu wala gari moshi la kale. Urithi wake bado uko kazini: mti wake hukatwa ukiwa na miaka ipatayo 25, na reli yake, ambayo Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya maelewano ya kuifufua, bado inatarajiwa kubeba mizigo.

Mche uliotiwa ardhini wakati wa mvua za 2025 utafaa kukatwa karibu na mwaka 2050. Mtoto aliyeuliza nani alipanda miti hii atakuwa mtu mzima wakati huo, na swali lake litakuwa mikononi mwa mtoto mwingine. Mzazi anayemleta Mgololo leo anampa sehemu ya kwanza ya jibu.