Mtoto Aliyeshindikana Hupelekwa Wapi?

Nafanya kazi na vijana hapa kambini. Mzazi mwenye kijana anayevuta bangi huniambia: "Kungekuwa na mahali pa kumfungia anyooke, ningempeleka leo." Wengine wanaongoja safari ya Marekani na wanaamini huko mahali hapo papo. Papo kweli, ila tuijue historia yake.

Mwaka 1958, California, Charles Dederich alianzisha Synanon kwa ajili ya watu wanaotaka kuacha dawa za kulevya. Walikaa duara, wakamshambulia mmoja wao kwa maneno makali. Mtindo huo ukafika kwa vijana. Mwaka 1974 ripoti ya Seneti ilifananisha mbinu za kituo cha The Seed, Florida, na zile walizofanyiwa mateka wa vita vya Korea. Miaka miwili baadaye, Florida hiyo hiyo, kikafunguliwa kingine, Straight.

Vituo vikazidi, vingi vikiwa Utah. Hospitali ina sheria zake, shule pia. Kituo kilichojiita kambi ya nyikani au shule ya tabia kilipita katikati, na katika majimbo kadhaa hakikuhitaji hata leseni. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge walitoa hesabu: mwaka 2005 peke yake, katika majimbo 33, wafanyakazi 1,619 walihusishwa na matukio ya kutesa watoto.

Wazazi walikuwa wapi? Walikuwepo, tena walilipa pesa nyingi. Lakini barua zilisomwa, simu zilisikilizwa, na mzazi alikuwa ameshaambiwa mapema kwamba mtoto atadanganya ili arudi nyumbani. Kwa hiyo mtoto akilia, kilio chenyewe kilihesabiwa kuwa ugonjwa.

Mwaka 2021 Utah ilibadilisha sheria, baada ya waliopitia vituo hivyo kutoa ushahidi, Paris Hilton akiwemo. Sasa wakaguzi wanatakiwa kufika mara nne kwa mwaka, na mtoto ana haki ya kuongea na familia kila wiki kwa faragha. Sheria ya taifa zima ilipatikana Desemba 2024, nayo hasa inaagiza utafiti.

Basi wazazi, na nyinyi ndugu wa mashirika, kabla ya kumkabidhi kijana popote, hata kwa mtu wa maombi, ulizeni: Naweza kuja bila taarifa? Naweza kuongea naye sisi wawili tu? Mkijibiwa hapana, rudini naye nyumbani.